Januari au Septemba: shajara ya maombi yangu ya shule ya biashara

12 Agosti 2023, Mtwara

Nimefungua daftari hili leo kwa sababu nimekuwa nikisema "mwaka ujao" tangu 2020, na mtu anayesema hivyo bila kuandika chochote hana njia ya kujua kama mwaka aliokusudia umekwisha kupita. Mradi ni mmoja: kuomba nafasi ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, nje ya nchi, na kabla ya hapo kuamua ni lini faili langu litakuwa tayari kusomwa na watu wasionijua.

Nianze na faili lenyewe, bila kulipamba. Nilihitimu shahada ya biashara katika chuo kikuu cha umma mwaka 2017 kwa wastani wa 3.1 kati ya 5, ambao kwa vyuo vyetu ni daraja la pili la chini, kwa kuwa daraja hilo huanzia 2.7 na kukomea 3.4. Nilipata C katika takwimu na katika hesabu za biashara, na usimamizi wa fedha niliupita kwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Sababu zipo: baba alifariki nikiwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili niliutumia zaidi kwenye kibanda cha kutoa nakala kuliko darasani, ili mama asibaki peke yake na ada za wadogo zangu. Sababu hizo hazimo katika nakala ya matokeo, na msomaji wa kwanza ataona herufi na namba tu.

Upande wa pili wa faili una uzito kidogo. Tangu 2018 ninafanya kazi katika kampuni inayonunua na kusafirisha korosho ghafi, na msimu wangu wa kwanza ulikuwa ule ambao Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Nilijifunza biashara hii wakati sheria zake zinabadilika kila wiki, jambo ambalo nadhani ni shule kuliko lile darasa nililokuwa nikilikimbia. Kazi yangu ni ubora na ghala: kupima unyevu, kukata sampuli ili kujua gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za korosho zilizobanguliwa, na kuhakikisha kilichoandikwa kwenye stakabadhi ya ghala ndicho kilichomo ghalani. Lengo langu ni kiwanda cha kubangua, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho yetu bado huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na thamani huongezewa huko.

Mtihani wa GMAT, ambao shule nyingi za biashara huutumia kuwapima waombaji, sijaufanya. Umri wangu ni miaka 29.

3 Septemba 2023

Wiki tatu nimesoma kalenda za shule. Shule nyingi za Marekani hupokea maombi kwa duru: ya kwanza hufungwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ya pili katika wiki za mwanzo za Januari, na zenye duru ya tatu huifunga karibu na Aprili. Duru ya tatu nimeifuta mara moja. Nafasi nyingi huwa zimekwisha kutolewa, misaada ya fedha vilevile, na mwombaji anayehitaji viza hubaki na miezi michache mno ya kutafuta fedha na kusubiri usaili wa ubalozi. Shule kadhaa za Ulaya zina mpangilio tofauti. INSEAD ya Ufaransa, kwa mfano, huanzisha darasa mara mbili kwa mwaka na masomo yake huchukua miezi 10, kwa hiyo mtu aliyekosa mlango mmoja hasubiri mwaka mzima kuufikia mwingine. Wastani wa umri wa darasa lake ni miaka 29, na hilo limenituliza kidogo.

Kwa hiyo swali lililobaki ni moja: niombe Januari 2024, au nisubiri Septemba 2024?

Dada yangu, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, hakufikiri hata kidogo. "Omba sasa, mdogo wangu. Wakikukataa utaomba tena." Kuna ukweli katika hilo, kwa kuwa shule nyingi zinawapokea waombaji wa mara ya pili. Lakini shule hizo humtaka mwombaji wa aina hiyo aeleze ni nini kimebadilika tangu alipoomba mara ya kwanza, na faili la zamani halitupwi. Nikiomba Januari kwa faili dhaifu, nitakuwa nimejiwekea kumbukumbu ambayo Septemba nitalazimika kuijibu.

Jambo jingine limeingilia kati. Watunzi wa GMAT wametangaza mtihani mpya utakaoanza Novemba, na mtihani wa zamani utakoma tarehe 31 Januari 2024. Matokeo hudumu miaka mitano, maana yake alama ya mtihani wa zamani bado itakubalika Septemba ijayo. Kwa mtu anayeanza kusoma leo, hii ni kama kuambiwa uchague kati ya daladala inayoondoka na nyingine ambayo bado haijapakwa rangi. Nimechagua inayoondoka, kwa sababu vitabu vyote nilivyoazima ni vyake.

29 Oktoba 2023

Minada ya korosho imeanza. Katika siku 14 zilizopita nimesoma saa tatu tu, na moja ya hizo niliisoma nikiwa ndani ya gari kati ya Masasi na Newala, nikiwa na kichefuchefu.

Jambo hili lingepaswa kuwa dhahiri kwangu tangu Agosti. Msimu wa korosho huanza Oktoba na hauachi mtu apumue hadi mwisho wa Desemba au Januari. Duru ya pili hufungwa katika wiki za mwanzo za Januari. Maana yake ni kwamba kila mwombaji anayefanya kazi katika korosho na kulenga Januari, huandika insha zake katika miezi ile ile ambayo hana saa ya kulala. Nimeangalia kalenda za shule kwa majuma, lakini kalenda ya kazi yangu sikuiweka pembeni yake.

Jaribio la kwanza la GMAT, la nyumbani: 520 kati ya 800.

26 Novemba 2023, Dar es Salaam

Nimefanya mtihani kwa intaneti nyumbani kwa dada, Kijitonyama, baada ya kuomba likizo ya siku nne ambayo mkuu wangu alinipa kwa shingo upande. Ada ni dola 300, zaidi ya shilingi laki saba. Nimepata 560.

Ili nisijidanganye, naandika kipimo. Katika darasa la Harvard lililoanza mwaka huu, alama ya katikati ni 740. Alama ya katikati si mlango, kwani nusu ya waliochaguliwa wako hapo au chini yake, na watu husahau hilo. Lakini walio chini ya hapo huwa na kitu kingine kinachowainua, na mtu mwenye 3.1 na 560 kwa pamoja anamwomba msomaji afumbe macho mara mbili. Udhaifu mmoja unaweza kuelezwa. Mbili zinazosema jambo lile lile, yaani kwamba hesabu zilimshinda chuoni na bado zinamshinda, huwa ushahidi.

10 Desemba 2023

Leo nimeamua: siombi Januari.

Nataka kuandika sababu kwa urefu, kwa kuwa najua kuna siku nitaona kama nilikuwa mwoga, na siku hiyo nitahitaji kusoma nilichokifikiri nikiwa na akili tulivu.

Nilichukua karatasi nikaigawa katikati. Upande mmoja niliandika faili kama litakavyokuwa tarehe 4 Januari, upande wa pili kama linavyoweza kuwa Septemba 2024. Sharti nililojiwekea lilikuwa kwamba upande wa Septemba nisiandike chochote kisichoweza kuonekana kwenye karatasi. "Nitakuwa nimekomaa zaidi" haikuruhusiwa. "Nitakuwa na uzoefu wa miaka sita badala ya mitano" iliruhusiwa, lakini nikaiwekea alama ya sifuri, kwa sababu sidhani kuna msomaji duniani anayempokea mtu kwa ajili ya mwaka wa sita uliofanana na wa tano.

Vilivyobaki ni vitatu. Alama mpya ya GMAT. Somo jipya la hesabu au fedha lenye matokeo rasmi, ili C zile zipate jirani wa kuzipinga. Na wadhifa, kwa kuwa mkuu wa maghala anastaafu Februari na jina langu limetajwa. Kama hata viwili kati ya hivi vitatu vitatokea, faili la Septemba litakuwa la mtu mwingine. Kama hakuna kitakachotokea, basi kusubiri kutakuwa kumenigharimu mwaka na sikupata chochote.

Upande wa kuomba sasa nao haukuwa mtupu, na sitaki kuudhulumu. Nikiingia masomoni 2025 badala ya 2024 nitakuwa na miaka 31, na baadhi ya shule za Marekani madarasa yake ni ya vijana wa 27 na 28. Mkopo wa elimu ya juu bado unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwaka wa kusubiri si mwaka wa kuweka akiba kama watu wa nje wanavyodhani. Na kuna hatari ambayo nimeiona kwa watu wawili ninaowaheshimu: kusubiri ni tabia, na kila mwaka huzaa sababu yake. Mmoja wao amekuwa akijiandaa kwa miaka saba na sasa anasema umri umepita.

Kwa ajili hiyo nimejiwekea tarehe. Ifikapo 31 Julai 2024 nitahesabu vile vitatu. Viwili vikiwa vimetimia, nitaomba duru ya kwanza. Kikiwa kimoja, nitaomba shule za Afrika Mashariki na Afrika Kusini tu. Visipotimia vyote, nitafunga mradi na kulipa deni la mama la bati.

Dada amesoma uamuzi huu kwa simu na kusema, "Haya, lakini hiyo Julai nitakukumbusha mimi."

4 Februari 2024

Mtihani wa zamani umekoma Jumatano iliyopita. Mpya una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, maswali 64 kwa jumla: 21 ya hesabu, 23 ya lugha na 20 ya uchambuzi wa data. Jiometri imeondolewa, nami sikuilia. Kilichoniuma ni kuondolewa kwa maswali ya kusahihisha sentensi, ambayo ndiyo niliyoyategemea. Sisi tuliojifunza Kiingereza kwa kanuni za ubaoni, kabla ya kukisikia kikizungumzwa, tulikuwa tukiyaokota maswali hayo kama embe zilizoanguka. Sasa sehemu ya lugha imebaki kusoma vifungu na kupima hoja.

Kipimo chenyewe kimebadilika pia. Alama zinaanzia 205 hadi 805 na zote huishia na 5, na kwa jedwali la watunzi, 645 ya sasa inalingana takribani na 700 ya zamani. Hili lina faida yake ndogo: kwa miezi kadhaa kila mtu atalazimika kutazama jedwali kabla ya kuhukumu.

Nimejisajili kwa mitihani ya Mei ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ngazi ya kati ya cheti chake cha uhasibu, CPA, likiwamo somo la usimamizi wa fedha. Nilifikiria pia kozi ya intaneti ya Harvard iitwayo CORe, yenye uchambuzi wa biashara, uchumi na uhasibu wa fedha, ambayo waombaji wengi wenye wastani mdogo huitumia kuthibitisha kwamba wanaweza kusoma. Ada yake ilinishinda. Zaidi ya hapo, CPA itanifaa hata nisipokwenda popote, na nimeanza kuipenda kanuni hiyo: kila nitakachokifanya kwa ajili ya maombi kiwe na kazi hapa Mtwara pia.

17 Machi 2024

Nimepewa wadhifa. Kuanzia mwezi huu ninasimamia maghala matatu na watu 22.

Furaha ilidumu siku moja, kisha ikaja hesabu. Septemba nitaandika kwamba mimi ni meneja wa maghala, lakini msimu wangu wa kwanza nikiwa meneja utaanza Oktoba. Nitakuwa na cheo bila matunda. Nikisubiri hadi Januari 2025, nitakuwa na msimu mzima wa kuonyesha: tani zilizopita, hasara iliyopungua, magunia yaliyorudishwa. Yaani ile hoja niliyoitumia Desemba kuiahirisha Januari 2024, sasa inaniita tena niiahirishe Septemba. Nimeliandika hili ili nilione lilivyo. Sijalijibu.

Nimezungumza pia na mkuu wangu kuhusu barua ya mapendekezo. Alikubali papo hapo, akaongeza maneno ambayo nadhani kila kijana wa ofisi zetu ameyasikia: "Andika wewe, niletee nisaini." Nilimwambia kwa adabu kwamba shule hizi zinakataza mwombaji kujiandikia barua, na kwamba maswali hutumwa kwenye baruapepe yake moja kwa moja. Alinyamaza kidogo. "Basi nipe muda, Baba. Mimi si mwandishi." Hapo nikapata sababu nyingine ya Septemba ambayo sikuwa nimeihesabu: mtu huyu ana muda kati ya Juni na Agosti, wakati wakulima wanapulizia salfa nasi ofisini tunatengeneza mizani. Nikimwomba barua Desemba, ataandika mistari minne akiwa amesimama.

12 Mei 2024

Wiki mbaya. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na mizigo yetu ikakwama njiani. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa dada kufanya mtihani mpya katikati ya mwezi. Nimeuahirisha hadi Juni. Mitihani ya NBAA niliifanya hapahapa. Masomo manne. Usimamizi wa fedha nina uhakika nao, ukaguzi wa hesabu sina.

23 Juni 2024, Dar es Salaam

Nimepata 595. Hesabu zimepanda, uchambuzi wa data umeniangusha: nilitumia dakika sita kwenye jedwali moja kwa sababu ya ukaidi, na maswali matatu ya mwisho niliyabahatisha. Mtihani mpya unaruhusu kurudi na kubadili hadi majibu matatu kwa kila sehemu, lakini ruhusa hiyo inamfaa aliyebakiwa na muda.

Kanuni inaruhusu kurudia baada ya siku 16. Nimelipia tena, Agosti. Dada ameuliza kama kampuni hiyo ya mtihani ina hisa ninazonunua kidogo kidogo.

21 Julai 2024

Matokeo ya NBAA yametoka. Nimefaulu masomo matatu kati ya manne, usimamizi wa fedha ukiwa ndio bora kuliko yote. Ukaguzi nimeukosa na nitaurudia Novemba.

Vile vitatu vya Desemba leo vinasimama hivi: wadhifa upo, somo la fedha lipo, alama ya GMAT haijafika lakini imepanda. Viwili vimetimia siku kumi kabla ya tarehe niliyojiwekea. Dada hakuhitaji kunikumbusha, ingawa alinikumbusha.

Limebaki lile la Machi, la kusubiri Januari 2025 ili nionyeshe msimu mzima. Nimelipima kwa karatasi ile ile iliyogawanywa katikati. Upande wa Januari: matokeo ya msimu, pengine, kwa sababu takwimu kamili hazifungwi kabla ya mwisho wa Januari na maombi yatakuwa yameondoka, insha zilizoandikwa usiku wa mnada, barua ya mkuu iliyoandikwa akiwa amesimama, na misaada ya fedha iliyokwisha kupunguzwa na duru ya kwanza. Upande wa Septemba: cheo kisicho na msimu, lakini kila kitu kingine kikiwa kimetulia. Na kitu kinachoweza kutokea baada ya Septemba, kama matokeo ya ukaguzi au takwimu za minada ya kwanza, baadhi ya shule hukubali kiongezwe baadaye, hasa kwa aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Kitu kilichoandikwa vibaya hakiongezwi baadaye. Nimechagua Septemba, na mlango wa Januari nimeufunga kwa ufunguo.

Shule ni tatu: moja ya Marekani, moja ya Ulaya, moja ya bara letu. Nilianza na saba. Nne niliziondoa kwa sababu nilipojaribu kuandika kwa nini ninaitaka kila moja, niliandika sentensi ile ile na kubadili jina la mji. Nilisoma pia kuhusu ufadhili wa Stanford kwa Waafrika, unaomtaka aliyefadhiliwa arudi kufanya kazi Afrika kwa angalau miaka miwili, na kuhusu Chevening ya Uingereza, inayotaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Masharti ya kurudi hayanisumbui, kwa kuwa korosho haziko kwingine. Chevening nitaiomba pembeni, kwa sababu mwaka huu dirisha lake litafungwa Novemba na insha zake ni fupi. Sitalihesabu kama sehemu ya mradi huu.

18 Agosti 2024

Nimepata 635. Nilitaka 645, na usiku ule nilifungua ukurasa wa kulipia tena, nikaufunga. Kwa siku tatu nilijadiliana na nafsi yangu kuhusu alama kumi. Hatimaye niliuliza: je, kuna msomaji atakayenikataa kwa 635 na kunipokea kwa 645? Pengine yupo mmoja. Lakini wiki nne za kumtafuta huyo mmoja zingetoka kwenye insha, ambazo wasomaji wote watazisoma.

Kazi ya leo ilikuwa insha ya ziada, ile fupi ambayo mwombaji huruhusiwa kueleza jambo lisiloeleweka katika faili. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno 480 na baba alifariki ndani yake mara tatu. Nilimsomea mama kwa simu, nikimtafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapo umemtuma marehemu akakuombee." Nikafuta. Iliyobaki ina maneno 140: kilichotokea mwaka wa pili katika sentensi mbili, kwamba C zile ni zangu na sina wa kumsingizia, kisha matokeo ya NBAA ya Mei na hesabu za GMAT, basi.

Jambo dogo lililonichelewesha: fomu ya shule ya Marekani inauliza wastani, na nilikuwa nimeanza kuubadili 3.1 yangu kwenda mizani ya 4. Maelekezo yao yanasema uandike kwa mizani ya chuo chako mwenyewe. Niliandika 3.1 kati ya 5, na nikaambatisha ukurasa wa chuo unaoeleza madaraja, ili asiyejua asije akadhani ni 3.1 ya Marekani na kunisifu kimakosa.

8 Septemba 2024

Mkuu wangu ametuma barua zake zote tatu, moja kwa kila shule. Sijaziona na sitaziona. Aliniambia tu kwamba swali lililomtesa ni lile linalotaka aeleze mara moja aliyonikosoa na nilivyopokea, kwa kuwa alikuwa na mifano mingi mno. Barua za mpendekezaji wa pili zimeandikwa na katibu wa chama cha msingi cha ushirika tunachofanya nacho kazi, mwanamke aliyewahi kunirudishia mzani wangu mbele ya wakulima 60 kwa sababu ulikuwa umepotoka kwa gramu 400. Nilimchagua kwa ajili ya siku ile.

Maombi mawili yameondoka jana usiku, la tatu litaondoka Alhamisi. Ada za maombi peke yake, ukiziunganisha, zinakaribia mshahara wa mwezi wa mlinzi wetu mara tatu. Naiweka namba hiyo hapa ili anayepanga mradi kama huu asiisahau, mimi niliisahau.

13 Oktoba 2024

Mnada wa kwanza umefanyika na bei imevuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kila simu ninayopokea inahusu magari. Kama nisingekuwa nimemaliza kuandika Septemba, leo ndiyo siku ambayo ningeacha.

24 Novemba 2024

Shule moja imenikataa bila usaili. Barua yao ilikuwa ya adabu na haikutoa sababu. Nyingine iliniita kwenye usaili, nikaufanya Jumanne kwa intaneti nikiwa katika ofisi ya ghala la Masasi, baada ya kuwaomba wapakuaji wanyamaze kwa dakika 40, jambo walilolifanya kwa dakika 25.

Msaili aliuliza kuhusu C ya takwimu, kama nilivyotarajia, na jibu lilikuwa fupi. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: mbona sikuomba mwaka jana, wakati mtihani wa kwanza nilikwishaufanya Novemba 2023? Nilimwambia kwamba mwaka jana nilikuwa na swali la lini na sikuwa na jibu la nini kitabadilika, na kwamba wakati ule nisingeweza kumwonyesha hata karatasi moja ya baada ya 2017 inayosema naweza hesabu za fedha. Aliandika kitu kwa muda. Akaniuliza gunia la kilo 80 hutoa ratili ngapi, nikamweleza kwa nini jibu hutegemea wilaya na wiki ya mavuno, na tukamalizia hapo.

Shule ya tatu haijasema lolote isipokuwa kuniomba niwatumie matokeo ya ukaguzi wa hesabu yakitoka. Mtihani nilikwishaufanya mwezi huu. Nimeandika tarehe ya matokeo kwenye kalenda ya ukutani, kando ya ratiba ya minada, na safari hii kalenda zote mbili ziko kwenye ukuta mmoja.